Mume Wangu Hakuwa Mlevi

Shemeji yangu alimwambia mume wangu afungue mdomo amnuse. Alimwambia hivyo uwanjani, kwenye kiwanda chake cha kukamua alizeti, mbele ya vibarua waliokuwa wanapakia mashudu, na mbele yangu mimi niliyekuwa nimesimama na hotpoti ya chakula mkononi. Mume wangu alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, mtu wa swala tano ambaye tangu azaliwe hajatia pombe mdomoni. Akafungua mdomo. Kaka yake akasogea, akanusa, hakukuta kitu. Halafu akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Siku hizi zipo zisizonuka. Wewe ni mlevi, na mlevi hashiki lori langu."

Vibarua wakacheka. Si wote, lakini waliocheka niliwaona na mpaka leo nawajua kwa sura.

Nikasema, "Shemeji, huyu hanywi."

Akanijibu bila kunitazama, "Wewe rudisha chakula nyumbani."

Mume wangu akatoa funguo za lori mfukoni, akaziweka juu ya gunia, akatangulia kutoka getini. Baba yao alipofariki, kaka yake ndiye aliyemlea. Alimsomesha, akamfundisha gari, akamtolea mahari alipokuja kunioa. Mtu wa namna hiyo akikutukana huna pa kuyapeleka maneno. Mimi hakunilea, kwa hiyo yangu yalibaki kifuani yakichemka.

Kilichomkasirisha shemeji ni lori. Siku moja kabla, mume wangu alikuwa anapeleka mafuta ya alizeti Nzega. Alipokaribia Shelui, mchana kweupe, barabara nyoofu, lori likaacha lami, likapita katikati ya shamba la mtama la watu, likaenda kusimama kwenye tuta. Hakuumia mtu. Madumu kadhaa yalipasuka, na mwenye shamba alikuja juu kama ilivyo haki yake. Trafiki walifika, wakampa mume wangu kile kipimo cha ulevi apulize. Akapuliza, kikaonyesha safi. Wakampa tena. Safi. Askari mwenyewe alimpigia shemeji simu akamweleza. Shemeji akasema trafiki wananunulika.

Yaani polisi wamepima wamesema hana kitu, lakini pua ya kaka yake ndiyo ikawa kipimo cha mwisho.

Ukweli ni kwamba mume wangu alikuwa amelala. Alilala kwenye usukani, kama alivyokuwa analala kila mahali. Alilala kwenye foleni ya kinyozi. Alilala msikitini hotuba ikiendelea, mpaka mtu wa jirani akawa anamgusa goti. Alilala mezani kijiko kikiwa mkononi. Akiamka asubuhi ndiyo kachoka kuliko alivyolala, kichwa kinamgonga, macho mekundu, na hayo macho mekundu ndiyo yaliyokamilisha habari ya pombe midomoni mwa watu. Na alikuwa anakoroma. Mtaani kwetu Singida nyumba zimebanana, majirani walimpa jina la Jenereta, na watoto wakimwona anapita walinguruma. Alicheka nao. Alidhani kukoroma ni tabia, kama mtu kuwa na sauti nene.

Mimi niliyelala pembeni yake nilijua kuna kingine. Hata mchana, akijinyoosha kwenye mkeka baada ya kula, nilikuwa nikishona huku nikimsikiliza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Miguu inatupatupa. Mimi nimeacha kanyagio la cherehani, nangoja. Kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa mkwaruzo kama mtu aliyetolewa kwenye maji, anageuka, anaanza tena. Nikimwamsha nikimwambia, "Ulikuwa hupumui," ananijibu, "Basi ningekufa."

Nilimwambia hayo mganga wa zahanati. Akampima malaria, hakuna. Akampima wingi wa damu, iko sawa. Akamwandikia vitamini, akatushauri apunguze mawazo. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa kusingiziwa ulevi anaambiwa apunguze mawazo!

Hilo la pombe lilikuwa halijapoa, likaja la pili, na hili lilinihusu mimi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja dukani kwangu ninapouza vitenge. Hakukaa. Akauliza huku anapapasa vitambaa, "Wifi, unampikia nini kaka yetu?"

"Kama mnavyopika ninyi. Ugali, mlenda, nyama ikipatikana."

"Maana mwanamume anayesinzia hivi na hajui hata kumjibu mkewe, watu wanasema amelishwa."

Alimaanisha limbwata. Kwamba nimemlisha mume wangu dawa ili awe zuzu, asione makosa yangu, na sasa dawa imezidi kipimo. Nilimtoa dukani. Lakini maneno yalikuwa yameshafika kwa mama mkwe, na mama mkwe akaagiza mwanawe awe anakula kwake. Ikawa hivyo. Mume wangu anatoka kwangu, anavuka mitaa, anakwenda kula kwa mama yake kama mtoto, anarudi anasinzia vilevile. Nilikwenda kumsalimia mama mkwe. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akaendelea kuchambua mchele. Sikuambiwa kaa. Sufuria zangu zikakauka jikoni, mimi na wanangu tukala peke yetu, na mtaa mzima ukijua kwa nini.

Ni mimi niliyemlazimisha twende Dodoma. Alikataa, nikamwambia, "Kama ni dawa nimekulisha, basi hospitali kubwa wataikuta." Hapo akanyanyuka.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imeteremka puani. Alimsikiliza mume wangu akieleza uchovu. Katikati ya maelezo mume wangu akasinzia kwenye kiti. Daktari hakumwamsha. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayelala naye?"

"Ndiyo, daktari."

"Hebu nieleze akilala anakuwaje."

Nilishindwa kuanza. Tangu mambo haya yaanze, watu wengi walikuwa wamesema juu ya usingizi wa mume wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ninayeuona. Nilipoanza, nilimweleza yote mpaka namna miguu inavyotupatupa. Akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, na nikaona haoni jambo geni.

Walimlaza kwa vipimo, wakambandika nyaya kichwani na kifuani. Majibu yalipotoka alituita wote wawili, akamwambia mume wangu, "Baba, ukilala, nyama za koo zinalegea zinaziba njia ya hewa. Mwili unakosa pumzi, ubongo unakushtua uvute hewa. Ukianza tu kuzama usingizini, inaziba tena. Inakuwa hivyo mara nyingi mno hadi kunakucha. Unadhani unalala, lakini kwa miaka mingi hujalala."

Mume wangu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu. Ni ugonjwa, na una tiba."

Alifunika uso kwa viganja. Sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza.

Tiba yenyewe ni kimashine kidogo kinachokaa pembeni ya kitanda. Kinavuta hewa hii hii ya chumbani, kinaisukuma kwenye mpira mpaka kwenye barakoa inayofunika pua. Daktari alisema hakimpumulii mtu. Kinachofanya ni kusukuma hewa kwa nguvu kidogo ili njia isijifunge, kisha mtu anapumua mwenyewe. Akasema hata vichanga wanatibiwa kwa njia hiyo hiyo, na tulipokuwa tunatoka alituonyesha kwenye kioo cha wodi. Mtoto njiti, mdogo kuliko mkono wangu, vimipira viwili puani, na upande wa pili mpira umezamishwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Daktari akasema mapafu ya mtoto yule bado machanga, yakiachwa yanajikunja. Ile hewa inayaweka wazi mpaka yakomae. Mama yake, binti mdogo, alikuwa ameketi pale akitazama mapovu. Akatutazama, akatabasamu.

Nilisimama pale nikamwombea heri, lakini nakiri hasira zilinipanda. Kichanga kikishindwa kupumua, watu wanasema kinaumwa. Mume wangu alishindwa kupumua wakamnusa mdomo.

Tukadhani kazi imekwisha. Tulikuwa na bima, tuliyolipia kupitia umoja wetu wa wafanyabiashara wadogo, na sikuwahi kuchelewa kuchangia. Nikaenda ofisini kwa watu wa bima na karatasi ya daktari. Kijana wa dirishani akaisoma, akaipindua, akanirudishia.

"Mama, hii hatulipii."

"Kwa nini?"

"Iko kwenye kundi la vifaa vya starehe. Kama vile viti vya kukanda mgongo."

"Starehe? Mwanangu, mtu huyu anakatika pumzi."

"Hapa imeandikwa anakoroma."

"Soma na mstari unaofuata."

Hakusoma. Nikamuuliza, "Mtoto njiti akiwekewa ile ya chupa mnalipia?"

"Ndiyo, yule ni mgonjwa."

"Na huyu wangu?"

"Huyu ni mtu mzima, mama. Watu wazima wanakoroma." Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nikakunja karatasi yangu, nikaondoka. Ningeelewa kama angesema fedha hakuna. Lakini starehe! Nani kati yetu alikuwa anastarehe? Niliuza cherehani yangu ya umeme na bangili zangu za harusi, nikarudi kwenye ile ya kukanyaga kwa mguu, tukapata mashine iliyokwisha kutumika ambayo fundi wa hospitali aliikagua akasema iko salama.

Wiki za mwanzo zilikuwa za tabu. Barakoa ilimbana puani ikamwachia alama, ikawa inavujisha hewa machoni, mdomo unamkauka. Alikuwa anaivua usingizini bila kujua. Umeme ulikatika mara kwa mara, mpaka tukatafuta betri na inveta. Nilijifunza kuosha mpira na kuuanika kivulini, kubadilisha kichujio, kukaza mikanda isizidi. Daktari alimwambia asiguse gari kwanza mpaka amwone tena, akatii.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani, barakoa imening'inia shingoni, ananitazama.

"Nimeota," akasema.

"Umeota nini?"

"Nimeota nachunga mbuzi na marehemu baba. Unajua sijaota ndoto miaka mingapi?"

Akanisimulia ndoto nzima, mbuzi mmoja mmoja. Nilikaa chini nikamsikiliza, chai ikapoa. Mwanamume aliyekuwa anasinzia kabla hujamaliza sentensi alikuwa anaongea na mimi. Macho yalikuwa meupe. Siku ile alikula chakula changu, na hakwenda tena kula kwa mama yake. Mama mkwe hakuuliza. Wifi naye hakurudi kuniambia kuwa limbwata limeisha nguvu.

Alipopelekwa tena Dodoma kupimwa, daktari aliridhika, akamruhusu kuendesha, kwa sharti kwamba kila anapolala iwe na mashine. Akapata kazi ya kuendesha gari la mtu, Noah, pale Singida mjini. Ndipo dada wa mama mkwe akafariki kule Mitundu, tukaondoka ukoo mzima, mume wangu akiendesha, mama mkwe kiti cha mbele, mashine imefungwa kwenye kanga kwenye mapaja yangu.

Wanaume walilazwa sebuleni kwa jirani wa marehemu, magodoro yamepangwa sakafuni. Soketi ilikuwa moja. Mume wangu akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akachomeka mashine yake, watu wakatania kidogo, wakamwita Tembo kwa sababu ya ule mpira, yakaisha.

Asubuhi baada ya swala niliwapelekea uji. Nikamkuta mume wangu ameegemea ukuta, macho yamevimba, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Niliyajua yale maumivu ya kichwa. Nikatazama soketi. Mashine ilikuwa imechomolewa, na mahali pake kulikuwa na chaja ya simu.

"Nani amechomoa hii?"

Shemeji, ambaye alikuwa anakunywa maji, akasema, "Mimi. Simu yangu ilizima na watu walikuwa wananitafuta kuhusu mazishi. Kwani dude la kukoroma na msiba, kipi kizito?"

Wawili watatu wakacheka.

Najua msibani mwanamke hapandishi sauti, tena chumbani kwa wanaume. Niliipandisha. "Shemeji, ulimnusa mdomo mbele ya vibarua ukamwita mlevi. Nikavumilia. Sasa umemnyima pumzi akiwa amelala. Na leo ndiye anayemrudisha mama yako Singida. Ulitaka tuingie shamba la nani safari hii?"

"Punguza maneno, shemeji, kuna wafiwa hapa."

"Mfiwa mkubwa kuliko wote yuko nje, na yeye ndiye atakayekaa kiti cha mbele."

Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye mkeka karibu na mlango, kanga imemfunika hadi kwenye paji. Nilikuwa nimesahau kwamba anasikia. Akaita jina la mwanawe mkubwa. Shemeji akatoka, akachuchumaa mbele yake.

"Umechomoa pumzi ya mdogo wako ili uchaji simu?"

"Mama, sikujua kama ni..."

"Uliuliza?"

Mama mkwe akanyoosha kidole kuelekea ndani.

"Kairudishe. Na hatuondoki hapa mpaka mwanangu alale."

Ikawa hivyo. Jua limeshapanda, mizigo imo kwenye gari, watu wamevaa viatu, na mume wangu amelazwa ndani kwa amri ya mama yake, barakoa usoni, hewa inapita. Shemeji alikuwa na wateja wanamsubiri kiwandani. Alitembea huku na huku kando ya Noah akitazama saa. Mama mkwe akanigusa mkono, akanionyesha nafasi pembeni yake kwenye mkeka, nikakaa. Hakuniomba radhi kwa habari ya sufuria zangu. Alinigawia muhogo wake wa kuchemsha, tukala tukiisikiliza ile mashine inavyovuma ndani.

Baada ya hapo shemeji alimwita mume wangu arudi kwenye lori. Alimwita kwa simu, kana kwamba alikuwa likizo. Mume wangu akakubali. Nilikasirika naye siku nzima. Akaniambia, "Napenda lori, mama watoto. Na yule ni kaka yangu." Nikamwambia yeye anaweza kusamehe ya kwake, mimi nina ya kwangu.

Tulikutana wote kwa shemeji sikukuu ya Idi. Alikuwa na wageni, wafanyabiashara wenzake, wamekaa kwenye zulia wanangoja pilau. Mimi na wifi tulikuwa tunapakua. Mgeni mmoja akamuuliza mume wangu kuhusu afya, na kabla hajajibu, shemeji akadakia.

"Huyu aliumwa sana. Mimi ndiye niliyegundua. Nikaona si wa kawaida, nikamsimamisha kazi akatibiwe."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama kwa ile sura ya kuniomba niache. Wifi akakazana kupanga sahani. Nikaona kabisa jinsi habari inavyogeuzwa mbele ya macho yangu: mwakani watu watakuwa wanasimulia jinsi kaka mwema alivyomwokoa mdogo wake, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni nikipakua.

Nikasema, "Hapana, shemeji. Wewe ulisema mlevi."

Mgeni aliyeuliza akamgeukia shemeji.

"Ulimwambia afungue mdomo, ukamnusa, ukasema mlevi. Nilikuwepo. Aliyegundua ni daktari, na aliyemwambia daktari ni mimi."

Shemeji aliwatazama wageni, alimtazama mama yake aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha na ambaye hakumsaidia kwa lolote. Mwishowe akasema, akielekea zaidi kwenye zulia kuliko kwa mume wangu, "Nilisema hivyo. Nilikosea."

Mume wangu akasema haraka, "Yameisha, kaka."

Mimi sikusema yameisha. Nilimpakulia shemeji pilau, nikamwekea na nyama nzuri kwa sababu ni nyumbani kwake na ni sikukuu, nikaenda kwa mgeni anayefuata.